Usiku Mmoja wa Agosti: Jinsi Sensa Inavyokihesabu Kijiji cha Wavuvi Lamu

Kaunti nzima ya Lamu, kuanzia Witu hadi Kiunga pamoja na visiwa vyake vyote, ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47. Sasa chukua Wakenya wote waliohesabiwa mwaka huo, 47,564,296, uwagawe kwa maeneo bunge 290. Kila eneo bunge linapata wastani wa watu 164,015. Lamu ina maeneo bunge mawili, na yote mawili ukiyajumlisha hayafikii wastani wa eneo bunge moja.

Kazi yangu ni takwimu za watu, na hesabu hiyo ndiyo ninayowapa vijana wanaojifunza ukarani wa sensa wanaponiuliza kwa nini tuhangaike kwa siku nzima baharini kwa ajili ya kijiji chenye nyumba chache. Mahali padogo, mtu mmoja ni mzito.

Wengi hudhani taabu ya sensa kwetu ni kufika: bahari, tope la mikoko, barabara ya msitu wa Boni. Kufika ni kugumu kweli. Mji wa Pate, kwa mfano, chombo hakiufikii ila maji yamejaa. Yakitoka, unashukia Mtangawanda na kumaliza safari kwa miguu. Mwaka 2019 mwezi ulikuwa robo ya mwisho tarehe 23 Agosti, kwa hiyo siku za mwanzo za kuhesabu ziliangukia maji mafu, bahari isipojaa sana wala kupwa sana, na kadiri tarehe 31 ilivyokaribia ndivyo bamvua, yaani maji makuu, lilivyoingia. Ratiba ya karani wa visiwani hupangwa na maji, hata kama aliyeiandika ofisini hakuwazia hivyo. Lakini haya nahodha mzuri huyamaliza. Lisilomalizwa na nahodha ni kuamua, ukishakaa barazani na kishikwambi mkononi, kama mtu fulani ni wa hapa au ni wa kwingine.

Sensa ya Kenya humwandika mtu mahali alipolala usiku mmoja uliowekwa. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa Jumamosi tarehe 24 Agosti, kuamkia Jumapili. Makarani waliendelea kuzunguka siku kadhaa, lakini swali lilibaki lilelile: nani alilala hapa usiku ule? Mgeni aliyelala kwako ni wako. Mwanao aliyelala Mombasa ni wa Mombasa. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita za usiku haandikwi, na mzee aliyefariki baada ya saa hiyo huandikwa kama aliye hai. Anayefanya kazi usiku, kama mlinzi, muuguzi wa zamu, au mvuvi aliyetoka wakati wa magharibi na atakayerudi na samaki alfajiri, huandikwa nyumbani anakorudi.

Ninaitetea kanuni hii. Mtu hawezi kulala mahali pawili usiku mmoja, kwa hiyo hahesabiwi mara mbili. Ukiuliza "kwenu ni wapi," Mswahili wa Mombasa mwenye nyumba ya mamake huko Siyu, kisiwani Pate, atakupa jibu refu na zuri lisiloingia kwenye jedwali. Agosti nayo ilichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka: shule zimefungwa, watoto wa bweni wako nyumbani, watu hawasafiri sana kama Disemba, na walimu wanapatikana kwa kazi ya kuhesabu. Kwa sehemu kubwa ya nchi, mantiki hiyo inakaa.

Kwetu, Agosti ni kusi, msimu wa upepo mkali wa kutoka kusini. Bahari ya nje imechafuka na vyombo vidogo havithubutu kuvuka miamba. Ukipita Kizingitini au Faza wakati huo utaona mashua zimepandishwa ufukoni, watu wakikalafati, yaani kuziba nyufa, na kupaka sifa, mafuta ya papa. Wavuvi wako kijijini, isipokuwa wale waliokwenda Amu, yaani mji wa Lamu, au Mombasa kutafuta kibarua mpaka bahari itulie. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishaingia, kuanzia mwisho wa mwaka hadi kama Machi, picha hugeuka kabisa. Vijana huenda dago: wanapiga kambi katika visiwa vidogo na fukwe za kaskazini kuelekea Kiwayu na Kiunga, wiki kwa wiki, wakizamia kamba na kuvua, wakirudi nyumbani kwa siku chache tu. Na kutoka kusini hupanda wavuvi wa Pemba, ambao msimu huo hutapakaa pwani ya Kenya.

Kwa hiyo kijiji kimoja kina idadi mbili. Ya kusi inawakuta wenyeji wakiwa wamejaa na wageni hawapo. Ya kaskazi ina akina mama, watoto na wazee kijijini, na wanaume wametawanyika mahali ambapo katika ramani ya sensa hapana nyumba hata moja. Kitabu cha matokeo kina idadi moja tu, ile ya kusi. Nayo ndiyo inayotumika kupanga dawa za zahanati, hata za Januari.

Kuna kundi jingine linalopotea Agosti, na sijawahi kusikia likizungumzwa. Walimu na wahudumu wa afya wengi katika vijiji vya visiwani ni watu wa bara. Shule zikifungwa, walimu huenda makwao. Usiku wa sensa mwalimu wa Ndau amelala kwa wazazi wake Machakos, na huko ndiko anakoandikwa, pamoja na elimu yake na kazi yake. Atakayesoma jedwali la elimu la kata ndogo hiyo atadhani hakuna mtu mwenye diploma anayeishi pale. Nimeona mipango ikiandikwa kwa kuamini jedwali la namna hiyo.

Halafu kuna kaya. Kaya ya sensa ni watu wanaoishi pamoja, wanakula chungu kimoja na wanamtambua mkuu mmoja. Maneno hayo ni mepesi mpaka uingie nyumba ya ghorofa Mkomani, mtaa wa mji wa Amu, bibi yuko chini, binti yake aliyeolewa yuko juu na mumewe amehamia kwao, na mjukuu ana chumba chake na jiko lake uani. Hapo karani inabidi aulize kuhusu chungu kwa upole, kwa sababu ni kama kuuliza nani anamlisha nani.

Na kuna mitala. Kisa kimoja ninakitumia kila ninapofunza. Mama mmoja Faza aliulizwa mkuu wa kaya ni nani, akataja jina la mumewe. Alilala hapa usiku wa Jumamosi? "La, mwanangu, zamu ilikuwa ya Amu." Mumewe ana mke mwingine Amu, na usiku ule alikuwa kwake. Kanuni inasema huyo mume ameshaandikwa Amu, na aliyesimamia nyumba ya Faza usiku ule ndiye mkuu wa kaya. Mama akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Basi mimi naandikwa sina mume?" Hapana. Swali la ndoa lina safu yake, na pale anaandikwa ameolewa, ndoa ya mitala. Lakini safu ya mkuu wa kaya inamwonyesha yeye. Unaposoma kwamba kijiji fulani cha pwani kina kaya nyingi zinazoongozwa na wanawake, usikimbilie kuandika ripoti ya wajane na waliotalikiwa. Baadhi yao waume zao wapo, ila zamu haikuwa yao.

Umri nao ni kazi. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo makarani hupewa kalenda ya matukio. Kwetu humo kuna mafuriko ya 1961, uhuru wa 1963, mvua za El Niño za 1997, tsunami ya Disemba 2004. Bibi akikwambia mwaka wa mafuriko alikuwa ameshavunja ungo na bado hajaolewa, una pa kuanzia. Karani mvivu huandika 70 au 80 na kuondoka, na ndiyo maana michoro ya umri ya sensa zetu huwa na vilele kwenye namba zinazoishia na sifuri na tano.

Sasa niseme jambo la miaka mingi, kwa sababu takwimu za Lamu hazisomeki bila hilo. Sensa ya 1969, ya kwanza baada ya uhuru, iliipa Lamu watu 22,401. Ya 1979 ikaipa 42,299. Ongezeko la karibu maradufu kwa miaka kumi halitokani na uzazi peke yake. Katikati ya miaka ya 60 vita vya Shifta, vya waliotaka kuitenga kaskazini mashariki na Kenya, vilikuwa vimewang'oa Wabajuni wengi, wenyeji wa pwani hii, katika vijiji vya kaskazini, wakakimbilia Amu, Malindi na Mombasa. Sensa ya 1969 iliwahesabu walikolala. Malindi na Mombasa zikapata watu, na kwenye vitabu vijiji vyao vikawa kama havijawahi kuwa na wenyewe. Wengine walirudi baadaye, wengi hawakurudi. Miaka ya 70 ikaja na mpango wa makazi wa Mpeketoni, watu wa bara wakahamia huko kulima, na uzito wa wilaya ukahamia nchi kavu.

Uzito huo haujarudi visiwani. Kati ya 2009 na 2019 Lamu Magharibi, yenye Mpeketoni, Hindi, Witu na mji wa Amu wenyewe, ilitoka 82,698 hadi 121,662. Lamu Mashariki, yenye Pate yote, Faza, Kizingitini, Kiwayu, Kiunga na Basuba, ilitoka 18,841 hadi 22,258. Upande mmoja umeongezeka kwa karibu asilimia 47, mwingine kwa asilimia 18. Tena katika kaunti nzima wanaume walikuwa 76,103 na wanawake 67,813, ilhali Kenya kwa jumla ina wanawake wengi kuliko wanaume. Mimi naona humo vibarua wa mashamba, wajenzi wa bandari na askari waliolala kambini. Wote walilala Lamu usiku ule, na kwa kanuni ni wa Lamu. Ukigawa madawati ya shule kwa idadi hiyo, utakuwa umewahesabu wanaume ambao watoto wao wanasoma kaunti nyingine.

Kwa nini yote haya yamuume mvuvi wa Kizingitini? Kwanza ni mwakilishi. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu eneo bunge la mahali penye watu wachache lipungue wastani kwa asilimia 40, si zaidi. Kwa idadi ya 2019, kima hicho cha chini ni watu 98,409. Lamu Mashariki ina 22,258. Marekebisho ya kwanza ya mipaka chini ya Katiba mpya yalifanywa kwa sharti kwamba hakuna eneo bunge litakalopotea. Sharti hilo lilikuwa la mara ile tu. Siamini kwamba mtu wa Kiunga anaweza kuwakilishwa ipasavyo na mbunge anayepigiwa kura Witu, na nitasema hivyo popote nitakapoulizwa. Lakini hoja hiyo itabidi isimame juu ya umbali, bahari na usalama, kwa sababu namba peke yake haziwezi kuibeba.

Pili ni fedha. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti, idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 45. Mwaka 2020 Seneti ilibishana kwa muda mrefu kuhusu kanuni ya tatu, na kilio cha "mtu mmoja, shilingi moja" kilitoka kaunti zenye watu wengi. Lamu ingeumia. Kilichopitishwa kilibakiza sehemu inayogawanywa sawa kwa kila kaunti, na kwa kaunti kama yetu sehemu hiyo ndiyo nguzo.

Tatu ni jambo la kitaalamu ambalo viongozi wa vijiji wanahitaji kulijua kuliko mimi. Namba ndogo huyumba. Katika kata ndogo yenye wanafunzi wachache, familia mbili zikihama, kiwango cha watoto walio shuleni hupanda au kushuka kwa namna ya kutisha, bila shule yenyewe kubadilika. Ofisa akija na asilimia, mwombe namba iliyo nyuma yake.

Sensa zetu huja kila miaka kumi, kwa hiyo inayofuata ni 2029, na kazi inayoamua mengi hutangulia mwaka mmoja au zaidi kabla ya usiku wenyewe. Ni uchoraji wa ramani. Nchi hukatwa vipande vya kuhesabia, kila kimoja chenye kaya kama mia hivi, na kila jengo huwekewa alama. Kwa kijiji kidogo, siku hiyo ina uzito kuliko siku ya kuhesabiwa. Mchora ramani hutembea na mzee wa kijiji, na asichoonyeshwa hakiandiki. Kibanda cha makuti cha dago, kikiwa kitupu wakati wa kusi, huonekana kama gofu.

Hapo ndipo BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo zetu, zinapoweza kusaidia. Zinajua kila chombo, nahodha wake na dago anakokwenda. Faza, Kizingitini, Mkokoni na Kiunga zikikaa sasa na kuandika orodha ya madago yao, kila moja na jina lake, mahali lilipo, miezi linayokaliwa na kijiji wanakotoka watu wake, mzee wa kijiji atakuwa na karatasi ya kumpa mchora ramani. Orodha hiyo haibadilishi kanuni ya usiku mmoja. Lakini karani atajua aende wapi siku ya kuhesabu akiambiwa kuna watu walilala nje, na mpangaji wa zahanati atakuwa na idadi ya kaskazi ya kuweka kando ya ile ya kusi.