Klipu za hosi za rejeta: dhana potofu na ukweli wake

Wiki haipiti bila mteja kuniletea gari linalopoteza maji na kuniambia, kabla hata sijafungua boneti, kwamba tatizo lake analijua: ni zile klipu za springi zinazobana hosi za rejeta, zilizotoka kiwandani, ambazo kwa maneno yake ni dhaifu, na anachotaka ni nizitoe zote nimfungie za skrubu, kisha nizikaze mpaka mwisho. Wengine huja wakiwa wameshabadilishiwa kwingine, na gari bado linapunguza maji. Kauli hii nimeisikia mara nyingi kupita kiasi, na nimeona hosi nzima na midomo mizima ya rejeta, yaani vile vijimirija vifupi ambako hosi huvishwa, ikiharibiwa kwa sababu yake. Nitaanza nayo, na nitakaa nayo kuliko nyingine zote.

Watu huipima klipu kwa nguvu wanayoiona. Klipu ya skrubu hukazwa kwa bisibisi, mkono ukasikia inashika na jicho likaona ukanda unazama kwenye hosi. Ya springi hubanwa masikio yake kwa koleo, ikasogezwa mahali pake, ikaachiwa; hakuna cha kukaza. Hapo ndipo mtu anapohitimisha kwamba ya kwanza inabana na ya pili imekaa tu. Anasahau kujiuliza klipu hiyo itakuwa inabana kiasi gani miezi sita baadaye, wakati mpira ulio chini yake hautakuwa tena kama ulivyokuwa siku ya kufungwa.

Mpira huo hubadilika kila siku injini inapowashwa na kuzimwa. Katika magari mengi kulanti, yaani maji ya kupozea injini yaliyochanganywa na dawa, hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hadi 105 hivi za Selsiasi, na kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo la karibu bar 1, mara nyingi kati ya 0.9 na 1.1, ili maji yasichemke mapema. Hosi za magari mengi hutengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, ambao kwa joto lilelile hutanuka zaidi ya mara 10 ya chuma. Ukanda wa klipu ya skrubu hauwezi kuufuata mpira huo unapotanuka, kwa hiyo mpira uliokosa nafasi husukumwa kando, ukatoka taratibu chini ya ukanda na kuzoea umbo hilo jipya. Injini ikipoa, mpira unasinyaa, lakini ukanda uko palepale ulipokazwa. Baada ya kupata moto na kupoa mara nyingi, unene wa mpira chini ya ukanda umepungua, na ile nguvu mkono ulioisikia siku ya kwanza imekwisha. Asubuhi yenye baridi, maji hupata njia.

Uvujaji wa namna hii ndio unaowasumbua watu zaidi, kwa sababu huonekana injini ikiwa baridi na kujificha ikipata moto, pale mpira unapotanuka na kuziba tena. Mwenye gari anaongeza maji mara kwa mara wala haoni tone chini ya gari. Akichungulia kwa makini ataona ukoko mkavu, mweupe au wenye rangi ya kulanti, umezunguka mwisho wa hosi. Huo ni mabaki ya kulanti iliyopenya kidogo kidogo, maji yake yakakauka na dawa yake ikabaki.

Klipu ya springi imetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Ni ukanda wa chuma cha springi ambao wakati wote unataka kurudi kwenye kipenyo chake kidogo. Mpira ukitanuka, klipu hufunguka kidogo pamoja nao. Ukisinyaa, klipu huufuata ndani, bila mtu kurudi na bisibisi. Sikatai kwamba kiwandani hupendwa pia kwa kuwa hufungwa haraka, lakini hilo haliondoi ubora wake. Na kwa wale wanaonieleza kwamba ya skrubu ni maboresho ya kisasa, klipu hiyo ni ya zamani: Lumley Robinson, aliyekuwa ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1921. Ni kifaa kizuri sana kikitumiwa panapostahili.

Dhana hii huja na pacha wake, kwamba klipu ikivuja dawa ni kukaza zaidi. Niliwahi kupokea gari ambalo hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imekazwa upya mara tatu na watu watatu. Nilipoitoa hosi ile, nje yake ilikuwa na msururu wa vinundu vidogo, kila kimoja kikiwa kimechomoza kupitia tundu moja la ukanda, na kingo za ukanda zilikuwa zimekata mpira mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Nikaupangusa mdomo wa rejeta, ambao ulikuwa wa plastiki kama ilivyo kwa rejeta nyingi za siku hizi, nikapitisha ukucha juu yake: ulikwama kwenye ufa mwembamba kama unywele, uliokuwa umeanzia chini kabisa ya mahali kichwa cha skrubu kilipokaa. Uvujaji wa kwanza huenda ulikuwa wa hosi, lakini ule niliouona mimi ulisababishwa na bisibisi. Rejeta ile ilibidi ibadilishwe, nikafunga hosi mpya na klipu za springi za kipimo cha kiwandani, na maji hayakupungua tena.

Nguvu kubwa namna ile haina kazi pale. Chukua mdomo wenye kipenyo cha milimita 35 na shinikizo la bar 1.1: msukumo unaotaka kuitoa hosi ni sawa na uzito wa kilo 11 hivi, na sehemu kubwa ya kuuzuia hufanywa na lile tuta dogo linalouzunguka mdomo. Klipu iliyokaa nyuma ya tuta hilo inatakiwa kuziba, na kwa klipu ya skrubu yenye ukanda wa milimita 12 kiasi cha Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 3 hadi 5 kinatosha, isipokuwa mtengenezaji wa klipu au wa gari ametaja kiasi kingine. Hicho ni kiasi cha kuzungusha bisibisi kwa mkono mmoja bila kukunja uso. Mpira ukianza kufura pembeni mwa ukanda, umeshapita kiasi. Baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa kwa mara ya kwanza, rudi uikague klipu ya skrubu kwa kiasi kilekile, kwa sababu mpira mpya hulegea mapema. Ukaguzi huo ufanyike injini ikiwa baridi. Anayekaza ikiwa ya moto anakaza juu ya mpira uliotanuka, na yuko karibu na maji yenye shinikizo yanayoweza kumuunguza.

Sisemi kwamba klipu ya springi haiishi. Iliyoshika kutu, iliyopanuliwa kupita kiasi au yenye ufa itupwe. Badala yake iwekwe nyingine ya kipimo kilekile, ambacho mara nyingi kimechapwa kwenye sikio lake, maana klipu hizi hazirekebishiki, na hosi yenye ukuta mnene kidogo kuliko ya zamani inaweza kuhitaji namba tofauti. Unapoirudishia juu ya hosi ileile, ikalie alama iliyokwisha kujichora kwenye mpira. Tumia koleo lililotengenezwa kwa klipu hizi na uvae miwani, kwa kuwa ikiponyoka huruka kwa kasi. Pale ambapo ya springi haipatikani, tafuta klipu ya skrubu ambayo ina washa za springi zilizopangwa chini ya kichwa cha skrubu. Washa hizo hubonyea mpira ukitanuka na kuuvuta ukanda mpira ukisinyaa, hivyo unapata sehemu kubwa ya faida ileile.

Dhana zilizobaki hazihitaji maneno mengi.

Wapo wanaoamini kwamba klipu kubwa inafaa kila mahali, mradi skrubu ina urefu wa kutosha. Ukanda uliovutwa karibu na kipenyo chake cha chini kabisa haukai duara, huwa kama yai, ukabana pande mbili na kuacha nyingine. Pima kipenyo cha nje cha hosi ikiwa imeshavishwa kwenye mdomo wake, kisha chagua klipu ambayo kipimo hicho kiko katikati ya uwezo wake. Hosi yenye kipenyo cha nje cha milimita 40 inakaa vizuri kwenye klipu ya 32 hadi 50. Kwenye ya 40 hadi 60 imeanguka ukingoni kabisa.

Kuhusu kutu, watu hushika sumaku, ikinata wanasema klipu si ya chuma kisichoshika kutu. Kipimo hicho hakitoshi. Katika kiwango cha DIN 3017 cha Ujerumani, klipu za skrubu hupewa alama kulingana na chuma chake: W1 ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, W2 ina ukanda usioshika kutu, ila skrubu yake ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, W3 yote haishiki kutu lakini sumaku huinasa, na W4 yote ni ya aina ambayo kwa kawaida sumaku hainati. Ya kuangalia sana ni W2, kwa sababu ukanda hung'aa miaka yote huku skrubu ikiganda kwa kutu, na siku ya kuifungua huna budi kuikata. Soma alama iliyochapwa kwenye ukanda, usiyaamini macho.

Klipu mbili kwenye mdomo mmoja si ulinzi maradufu. Midomo mingi ya rejeta ni mifupi, hivyo ya pili huishia juu ya tuta lenyewe au hukosa kitu kigumu chini yake, na zote mbili zinabana vibaya. Moja iliyokaa nyuma ya tuta, ikiacha milimita 3 hivi kutoka mwisho wa hosi, inatosha.

Silikoni ya kuzibia gasketi haina kazi kwenye kiungo cha hosi, na ninaomba kwa dhati watu waiache. Inaziba mikwaruzo kwa muda, inaifanya hosi igande kiasi kwamba kuitoa ni kuipasua, na vipande vyake vilivyosukumwa ndani hubanduka na kwenda kukwama kwenye mirija myembamba ya rejeta au ya hita. Mdomo wenye kutu au ukoko usafishwe mpaka uwe laini. Vilevile usipake grisi wala oili ya injini ili hosi iingie kirahisi, maana EPDM haipatani na mafuta ya petroli. Hufura, ikalainika na kuharibika. Maji safi au kulanti yenyewe hulainisha vya kutosha.

Klipu nzito za bolti, zile za hosi za turbo, hazifai kwenye hosi ndogo za kulanti, kwa kuwa ukanda wake ni mgumu kujikunja kwenye kipenyo kidogo. Aliyefunga hosi za silikoni, ambazo ni laini, ajihadhari na ukanda wenye matundu, kwa sababu hukata silikoni kama kisu. Atafute klipu yenye ukanda mzima au yenye utepe laini wa ndani. Waya na nailoni za kufungia nyaya ni vya kukufikisha gereji ya karibu tu, tena ukiendesha taratibu na jicho likiwa kwenye geji ya joto.

Na kama bado unabishana na fundi wako kuhusu klipu ipi inavuja, msibishane kwa kukisia. Injini ikiwa imelala usiku kucha na iko baridi kabisa, fungeni pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa kifuniko cha rejeta, mpandishe mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko bila kukizidi, muache dakika 10 hadi 15, kisha mpitishe karatasi kavu kuzunguka kila kiungo, hasa upande wa chini ambao macho hayafiki. Karatasi itakapolowa ndipo penye kazi. Klipu nyingine ziacheni zilivyo.