Si kweli kwamba roboti hazimhitaji fundi umeme

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya wazazi: mtoto asisome umeme wala elektroniki, kwani roboti ni kazi ya watu wa kompyuta tu. Unazunguka miaka sasa, Unguja na Pemba, na si kweli.

Programu huiambia roboti la kufanya. Lakini mkono wake hunyanyuliwa na mota, mota hulishwa umeme, na kihisi ndicho kinachotoa habari mkono umefika wapi. Nyaya za ndani ya mkono huo hupindwa maelfu ya mara, mpaka siku moja waya ukakatika ndani ya ganda lake, nje unaonekana mzima. Hapo hutafutwa mtu mwenye mita ya kupimia umeme, anayejua kusoma mchoro wa saketi, yaani njia unazopita umeme.

Hakikisha mwenyewe. Chomoa printa mbovu kwenye umeme, uifungue: mota, vihisi, bodi ya saketi. Roboti nayo ina hivyo hivyo. Kisha soma matangazo ya kazi ya mafundi wa roboti uone wanataka ujuzi gani.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu video huonesha skrini, kabati la nyaya halionekani. Kweli, visiwani kazi za roboti zenyewe bado chache. Ila ujuzi huohuo hutengeneza lifti za hoteli na pampu za maji, ambako hewa ya chumvi huotesha viungio vya shaba kutu ya kijani.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze. Yuko kijana wa kidato cha nne anausoma huku anachagua fani.