Karatasi ya gundi ya nzi inasaidia, lakini mtoto anayeharisha si "meno"

Mama wengi wanaotuletea watoto wenye kuhara kwenye kituo cha afya hapa Goma huanza kwa kuniambia kwamba nyumbani wametundika karatasi ya gundi. Ni vizuri. Maswali yanayofuata ndiyo yanayonisumbua.

Karatasi ya gundi inafanya nini?
Inanasa nzi aliyekwisha kuingia ndani, basi. Usiku nzi hulala kwenye dari, kamba na nyaya, kwa hiyo kitu kinachoning'inia kinamfaa. Haina sumu ya kupuliza, na hilo ni jema pale ambapo jiko, chakula na kitanda cha mtoto viko chumba kimoja. Ikishika vumbi gundi haishiki tena, badilisha.

Niitundike wapi?
Karibu na dirisha au mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Tafadhali, si juu ya chakula! Nzi aliyenaswa hafi papo hapo, anapigapiga mabawa, na vipande vyake huanguka. Kuna nyumba niliyoikuta na karatasi mbili nyeusi kwa nzi, na chini yake beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, halina kifuniko.

Mbona nzi hawaishi?
Kwa sababu wanazaliwa hapo hapo. Jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, kwenye taka, samadi au kinyesi kisichofunikwa, na kwenye joto yai huwa nzi kwa siku 7 hadi 10. Najua kuchimba choo katika mawe ya volkeno ni kazi ngumu. Lakini kipande cha bati cha kufunika tundu si kazi ngumu. Nzi anatoka kwenye kinyesi, anatua kwenye bugali, anatapika juu yake ili aulainishe, na mtoto anakula.

Mtoto wangu anaharisha, lakini anaota meno. Ningoje?
Usingoje. Meno hayaleti kuhara.

Bibi yake anasema watoto wote wa ukoo waliharisha wakiota meno.
Kwa heshima zote kwa bibi, si meno. Meno huanza karibu na miezi 6, wakati uleule mtoto anapoanza kula chakula kingine, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Anameza uchafu, anaharisha, na jino linasingiziwa. Naletewa mtoto siku ya tatu, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo nikiifinya inabaki imesimama, na mama bado ananionyesha ufizi. Si meno, mama. Siku hizo tatu ndizo zilizomfikisha hapo.

Nikimpa maji, si atazidi kuharisha?
Mpe! Kinachomuua ni kukaukiwa. Tumia pakiti ya serumu ya kunywa (ORS, chumvichumvi ya kuchanganya na maji); ukikosa, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Endelea kunyonyesha. Kituoni atapewa pia zinki, na mmalize siku zote mlizoambiwa hata kama kuhara kumekoma. Dawa ya miti ya kumtilia kwa nyuma, hapana, hata kidogo.

Nimlete lini?
Leo, akiwa na macho yaliyoingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, anatapika kila kitu, amelegea, au kuna damu kwenye kinyesi. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usingoje hata saa moja, mtoto au mtu mzima. Kolera haijaondoka kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi hapa Goma kwa wiki chache, na inaweza kumaliza mtu kwa saa kadhaa.

Na ikiwa usiku, njia si salama?
Amsha jirani, msitoke peke yenu. Kama kweli hamwezi kutoka, mnywesheni serumu kijiko kwa kijiko usiku kucha. Akitapika, ngojeni dakika 10 kisha anzeni tena polepole. Njia ikifunguka tu, njooni, na msiache kumnywesha njiani.