Mmomonyoko wa pwani maana yake nini khasa (si kila mchanga ukiondoka ndo umeliwa)

Kwetu mtu akiona ufukwe umepungua anasema bahari imekula, basi, maneno yamekwisha. Nnaelewa, inauma kuona mnazi uliopandwa na babu yako umelala mizizi juu. Lakini tusipotafautisha mmomonyoko na mchanga kuhama tu kwa msimu tutaogopa pasipo na hofu, halafu pale pa kupiga kelele tunyamaze.

Kumomonyoka ni kubomoka kidogo kidogo, kama ukuta wa nyumba ya udongo unaopigwa na mvua masika baada ya masika. Kwa hiyo mmomonyoko wa pwani ni pale mawimbi, mikondo, upepo na maji ya mvua yanapochukua mchanga, udongo au jiwe la pwani, na kinachorudi kikawa hakifiki kile kilichoondoka. Hapo kwenye kurudi ndo penye uzito wote wa neno.

Mie nimelelewa Nungwi, Unguja, mbele ya nyumba ya bibi kulikuwa na jiwe bapa, kubwa, ikivuma kusi, upepo wa kusini, lilikuwa nje kabisa tunapanda tunaruka chini, halafu kaskazi, upepo wa kaskazini, ikishika wiki chache tu hulioni tena, limefukiwa, tunacheza mpira juu yake. Mchanga ulikuwa haujafa, ulikuwa safarini. Kusi inavuma takriban kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi, mawimbi yake yanaipiga pwani kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini ya kisiwa, kaskazi ikija mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu inausukuma kurudi kusini. Wavuvi wanalijua hili kabla ya skuli yoyote, ndo maana mzee hafungi ngalawa pale pale mwaka mzima.

Sasa na mchanga wenyewe unatoka wapi? Huu mweupe wa Nungwi, Paje, Jambiani si mawe ya mtoni, ni matumbawe yaliyosagika, makombe, na mimea ya baharini yenye chokaa ndani yake. Na msagaji mmoja mkubwa ni samaki pono, ukizamia na miwani ukatulia kimya utamsikia anavyoguguna jiwe, kru kru kru, anatafuta chakula chake pale juu na chokaa inayobaki anainya, mchanga safi kabisa. Yani mwamba wa matumbawe wa nje unatufanyia kazi mbili kwa pamoja, unavunja wimbi kabla halijafika nchi kavu, na unatuletea mchanga mpya. Mwamba ukifa tumekosa vyote viwili.

Jiwe nalo linaliwa ila kwa mwendo mwengine. Nenda Mtende au Makunduchi maji yakiwa yametoka uangalie majabali yalivyochongeka chini, juu yamebaki kama kibaraza cha nyumba. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka mpaka karibu mita 4, kila siku mara mbili, wimbi linapiga pale pale, viumbe vidogo vinakwangua, mpaka siku ile sehemu ya juu inakosa pa kushika inaanguka. Na maji ya mvua yana tindikali kidogo, yanaiyeyusha chokaa taratibu, ndo yalivyochimba mapango katika uwanda wetu, uwanda ambao wenyewe zamani ulikuwa matumbawe hai chini ya bahari.

Pango la Kuumbi kule Jambiani wachimbaji walikuta mifupa ya punda milia. Alipitaje bahari? Hakupita. Miaka kama 20,000 nyuma, dunia ilipokuwa na barafu nyingi, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 na bahari iliyo kati yetu na bara haina kina kirefu, kwa hiyo Unguja ilikuwa imeungana na bara, mnyama anakwenda kwa miguu. Pemba ni kisa chengine, kati yake na bara kuna kina cha mamia ya mita, hata bahari iliposhuka vile Pemba ilibaki kisiwa.

Kwa hiyo pwani haijawahi kusimama, na haitosimama. Kinachonitia wasiwasi mie ni pale hesabu ya kutoka na kurudi inapovurugwa. Mikoko ikikatwa, ile mililana ya mbele inayopokea wimbi, udongo unabaki wazi na maji ya chumvi yanapanda mpaka kwenye mabonde ya mpunga, Kisiwa Panza kule Pemba wanayajua haya. Mchanga ukichotwa kwa magari kwenda kujengea, ule haurudi na kaskazi wala kusi. Na ukuta wa zege, watu wanaujenga kwa nia ya kujikinga, wimbi likiupiga linarudi na nguvu zake linafukua mchanga wa miguuni, na pale ukuta unapoishia jirani ndo anaumia.

Kwetu umejengwa mmoja, hatua chache tu upande wa kusini wa diko, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga. Kaskazi ya mwaka jana nilikwenda kwa bibi mwezi wa pili, wakati ambao lile jiwe lingekuwa chini ya mchanga zamani. Lilikuwa nje lote, mpaka kitako chake, na watoto wanacheza mpira barabarani.