Cheo, Mshahara na Mafanikio: Dhana Zinazopotosha

Dhana: Ukipandishwa cheo, umefanikiwa.

Mara nyingi umebadilishiwa kazi tu. Mtaalamu hodari wa programu akifanywa meneja, siku zake hujaa vikao, bajeti, tathmini za watumishi na kusuluhisha ugomvi. Kile alichokiweza kuliko wenzake hakigusi tena. Utafiti wa Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, uliochapishwa 2019, ulichunguza wauzaji katika kampuni 131. Waliouza zaidi ndio waliopandishwa kwa urahisi, lakini mauzo yao mazuri ya awali yaliashiria usimamizi dhaifu. Kabla hujakubali cheo, omba kuona ratiba ya wiki moja ya anayeishika nafasi hiyo sasa, kisha hesabu saa za shughuli ambazo ungezifurahia. Tangazo la kazi halitakuonyesha hilo.

Dhana: Mshahara ukipanda, hali imepanda.

Piga hesabu kwanza. Chukua kinachobaki baada ya makato, toa gharama ambazo zisingekuwepo bila kazi hiyo (nauli, mavazi, chakula cha kununua kwa kukosa muda wa kupika, mlezi wa watoto), kisha gawanya kwa saa zote: za ofisini, za njiani, na zile za kujibu ujumbe usiku. Wengi husahau hizo za mwisho. Nyongeza ya asilimia 20 ikikutoa kwenye wiki ya saa 45 hadi saa 60, malipo yako ya kila saa yameshuka kwa asilimia 10. Na mwili una bili yake: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Wako pia wanaohubiri kwamba fedha si kitu. Hao nao wanapotosha. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa Matthew Killingsworth, Daniel Kahneman na Barbara Mellers ulionyesha kwamba kwa watu wengi furaha huendelea kupanda kadiri kipato kinavyopanda.

Dhana: Kujiwekea vigezo vyako ni kushusha malengo.

Vigezo vyako vinaweza kuwa vikali kuliko vya mwajiri. Tatizo ni maneno yaliyolegea kama "nataka amani" au "nataka uwiano", ambayo huwezi kuyapima. Andika sentensi inayojibika kwa ndiyo au hapana: "Natoka kazini kabla ya saa 12 jioni, siku nne kwa wiki." "Angalau nusu ya saa zangu ni za kubuni." Vitatu vinatosha, vikifika kumi, kila kazi itafaulu baadhi na kufeli vingine, nawe utabaki palepale. Ukikwama, jiulize swali lililo kwenye kiini cha nadharia ya Edgar Schein ya nanga za kazi: ni kipi usingekiacha hata ukilazimishwa kuchagua? Ni utaalamu, uongozi, uhuru, usalama wa ajira, kuanzisha kitu chako, kuhudumia watu, changamoto, au nafasi ya maisha nje ya kazi?

Dhana: Lazima uache kazi uanze upya.

Anza na wiki mbili za kuandika saa zako zinakwenda wapi. Kisha mpelekee msimamizi ombi moja lenye muda na kipimo. "Nimechoka, nipunguzieni" hukwama, kwa kuwa linamwachia yeye kazi ya kutafuta suluhisho. "Kwa wiki nane nisihudhurie vikao asubuhi za Jumanne na Alhamisi, tukimaliza tulinganishe ripoti nilizokamilisha na za wiki nane zilizotangulia" lina nafasi ya kukubaliwa, maana likishindikana linarudishwa bila hasara. Ukikataliwa, weka akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Dhana: Ukishaamua, umeamua.

Vipitie vigezo kila baada ya miezi sita, au mtoto akizaliwa, mzazi akiugua, deni likiisha. Ila usiviguse wiki uliyogombana na bosi, wala usiku ulioona tangazo la cheo kipya cha uliyesoma naye.