Bwawa uani: maswali ya wenye nyumba kuhusu watoto, pampu na klorini

Nyumba zenye bwawa la kuogelea zimezidi kuwa nyingi, kuanzia Mbezi Beach na Kigamboni hadi Nyali, Diani na Unguja. Nyingine ni za familia, nyingine hupangishwa wageni kwa siku mbili tatu. Wenye nyumba hunijia na maswali yaleyale. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na haya ndiyo ninayowajibu.

Nyumba yangu ina ukuta mrefu, geti la chuma na mlinzi usiku na mchana. Uzio mwingine wa nini?

Ukuta huo unamzuia mwizi. Mtoto anayezama kwenye bwawa la nyumbani mara nyingi hatoki barabarani, anatoka sebuleni. Ni mwanao, mjukuu wako, au mtoto wa mgeni aliyekuja kula pilau Jumapili. Watu wazima wako mezani, mlango wa jikoni uko wazi, na kati ya mlango huo na maji hakuna kitu.

Kwa hiyo bwawa linahitaji uzio wake lenyewe, wa pande zote nne, unaolitenga na nyumba. Uzio wa pande tatu, ambao upande wa nne ni ukuta wa nyumba wenye mlango, si uzio kwa mtoto anayeishi humo ndani. Tafiti zilizolinganisha aina hizo mbili zimeonyesha kuwa uzio wa pande nne hupunguza hatari ya mtoto kuzama kwa takriban asilimia 83. Sijui kifaa kingine cha bwawani kinachokaribia hapo.

Mpe fundi wa kuchomelea vipimo hivi. Urefu usipungue mita 1.2. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, na chini kadhalika. Nondo zisimame, zisilale, maana nondo zilizolala ni ngazi. Mlango ufunguke kuelekea nje ya bwawa, ujirudishe na kujifunga wenyewe kwa springi, na komeo liwe juu, kama mita 1.5 kutoka chini. Kisha ondoa viti vya plastiki, ndoo na vyungu vya maua karibu na uzio. Mtoto wa miaka mitatu akitaka kupanda, anajua pa kukanyaga.

Na lile tofali la kuegeshea mlango siku ya sherehe ili wahudumu wapite na sinia, litupe. Siku hiyo ndiyo watoto huwa wengi na macho huwa machache.

Si afadhali ninunue kengele ya bwawa? Ni nafuu kuliko uzio.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 inayomtaka mwenye bwawa binafsi lililochimbwa ardhini kuweka angalau kimoja kati ya uzio, kengele, kifuniko cha usalama au paa la kulifunika lote. Kwa hiyo kengele inakubalika huko. Ila mimi nisingeanza nayo. Kengele nyingi hulia mtoto akiwa tayari ndani ya maji, na umeme ukikatika au betri ikiisha hazilii kabisa. Weka uzio kwanza, kengele iwe ya kuongezea.

Mimi huwa nakaa hapo hapo barazani. Mtoto akianguka si nitasikia?

Hutasikia. Anayezama hapigi kelele, kwa sababu mdomo uko chini ya maji na pumzi ya kupigia kelele hana. Hapungi mkono pia. Mikono yake inakandamiza maji pembeni, kichwa kinarudi nyuma, na baada ya sekunde chache anatoweka. Mtoto mdogo haichukui hata dakika moja. Wewe ulikuwa unajibu ujumbe kwenye simu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hiyo ni pamoja na mito, maziwa, bahari na visima, si mabwawa peke yake, lakini umri unakuambia pa kuelekeza macho.

Kwenye shughuli yenye watu arobaini, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Mteue mtu mzima mmoja kwa jina, asiyekunywa pombe, asiyeshika simu. Akichoka baada ya nusu saa, amkabidhi mwingine kwa maneno: "Sasa zamu yako." Usimwachie dada wa kazi ambaye hajui kuogelea na ana sufuria tatu jikoni. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe mahali unapoweza kumfikia kwa kunyoosha mkono tu.

Na maboya ya kuvaa mikononi?

Hayo ni ya kuchezea. Yanachomoka, yanapasuka. Watoto wakimaliza kuoga, yatoe majini pamoja na mipira yote, maana mtoto huyafuata.

Ninapangisha watu wazima tu. Hayo ya watoto yananihusu?

Yanakuhusu, kwa sababu mgeni atakuja na mpwa wake bila kukuambia. Lakini watu wazima nao wana yao. Pombe ndiyo ya kwanza. Ya pili ni kupiga mbizi: mtu anafika usiku, anaona maji yanang'aa, anatanguliza kichwa pale penye mita moja na nusu, na shingo inavunjika. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, nawe hujamwandikia. Andika kina kwa mita na futi ukingoni, upande wa kina kifupi na upande wa kina kirefu, na maneno "USIPIGE MBIZI" kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni wako. Taa iwake usiku, au bwawa lifungwe jua likizama. Ning'iniza boya la duara lenye kamba na fimbo ndefu mahali panapoonekana.

Kifuniko cha tundu la sakafuni mwa bwawa, linalovuta maji kwenda kwenye pampu, kimevunjika, ila fundi anasema maji yanazunguka vizuri tu. Nisubiri mwisho wa mwezi?

Zima pampu leo, funga bwawa leo. Mwaka 2002 huko Marekani, Graeme Baker, mtoto wa miaka saba, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alinaswa na mfyonzo wa tundu la kutolea maji kwenye beseni la maji moto. Mama yake alijaribu kumvuta akashindwa. Mtoto alikuwa anajua kuogelea. Mwaka 2007 ilipitishwa sheria yenye jina lake, inayodai vifuniko vinavyozuia kunasa.

Nguvu ya pampu hukamata nywele, nguo au mwili uliokaa juu ya tundu. Dai kifuniko kilichobinuka kama bakuli lililopinduliwa, si bapa. Bwawa jipya lijengwe na matundu mawili yaliyoachana, ili moja likizibwa mfyonzo uhamie kwa jingine. Swichi ya pampu iwe karibu, na kila anayelala kwenye nyumba hiyo aoneshwe ilipo.

Maji yananuka klorini kali. Si ndiyo usafi wenyewe?

Ni kinyume chake. Harufu ile inayochoma macho hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Watu waoge kabla ya kuingia, na wewe pima: klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Jua letu hula klorini upesi, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakikuambii hali ya alasiri. Kama huoni sakafu ya bwawa, mtu asiingie, maana hata aliyezama hutamwona. Mwenye kuhara asiingie pia. Kuna vijidudu, kama kriptosporidiamu, vinavyoishi siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini.

Dawa zenyewe ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Klorini na asidi zikichanganyika hutoa gesi inayoua. Mimina dawa kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye dawa. Na usihifadhi chochote kwenye chupa ya soda, hata ukiiandika.

Nyumba haina mpangaji tangu mwaka jana, bwawa nimeliacha tu.

Basi unafuga mbu. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue, ile wazee waliyoiita kidingapopo, mwaka 2014 na tena 2019. Ama endelea kuyatibu maji, ama yatoe yote na uhakikishe mvua haijazi tena. Na uzio ubaki, kwani bwawa lenye kina cha goti ni kina cha kutosha kwa mtoto.

Tumemtoa mtoto majini, hapumui. Tufanye nini?

Usimning'inize miguu juu, usimkande tumbo. Unapoteza muda, na matapishi yataingia mapafuni. Mlaze chali sakafuni, inua kidevu, mpulizie pumzi tano. Asiposhtuka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua chake, kisha pumzi mbili. Rudia bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Mwingine apige simu wakati huohuo: kwa Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114, kwa Kenya, 999 au 112.

Akizinduka, mpeleke hospitali hata kama anacheka na kuomba juisi. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana saa kadhaa baadaye. Njiani mwangalie: akikohoa mfululizo, akihema harakaharaka, akilegea au midomo ikibadilika rangi, mwambie dereva aongeze mwendo.