Waayalandi walevi, wavivu, wagomvi: hizi sifa zilitoka wapi, na zina ukweli kiasi gani

Nafundisha historia ya ukoloni, na kila tukifika Ayalandi wanafunzi wananiuliza kitu kilekile, mwalimu si ndo wale walevi wenye nywele nyekundu wanaopenda ngumi? Naelewa, sinema zimetulisha hivyo miaka na miaka. Ila naomba tuanze kwingine, nani alisema kwanza na alikuwa anataka nini.

Chukua Gerald wa Wales, padri msomi aliyefika Ayalandi 1185 kwenye msafara wa John, mtoto wa mfalme wa Uingereza. Akaandika kwamba watu wale ni wavivu, wanaishi kama mifugo yao, kulima hawataki, dini yenyewe hawaijui vizuri (kitu kimoja tu alikikubali, kwamba kwenye kupiga vinubi hakuna wa kuwafikia). Sasa angalia alikuwa nani. Wajomba zake, kina Robert FitzStephen na Maurice FitzGerald, walikuwa miongoni mwa mabwana wa kwanza kuvuka bahari mwaka 1169 kuja kujitwalia ardhi hiyohiyo. Yaani shahidi ni ndugu wa mnyang'anyi! Na maandishi yake yakanakiliwa na kusomwa karne kwa karne, walowezi wapya wakija wanakuta hoja ishapikwa tayari: hawa ardhi hawaitumii, tutaitumia sisi.

Hili la uvivu ndo linaniuma kuliko yote maana ukiangalia kazi yenyewe unashangaa. Kule magharibi, Mayo, Donegal, mkulima alikuwa anabeba mwani toka ufukweni kwa kikapu mgongoni, anautandaza juu ya ukanda wa majani, anapanga mbegu za viazi juu yake, halafu kwa sepetu anapindua udongo wa pande zote mbili na kufunika, mpaka linatokea tuta refu lenye mfereji huku na huku wa kutoa maji, kwa sababu udongo wa kule ni chepechepe na plau ya farasi haifai. Alama za matuta hayo bado zinaonekana kwenye miteremko ya milima mpaka leo. Wageni wa Kiingereza wakapita barabarani, wakaona majani hayajalimwa yote, wakasema hiki kilimo cha wavivu. Yeyote aliyewahi kulima matuta kwa mkono anajua kiuno kinavyolia.

Halafu kodi. Sehemu kubwa ya nchi mpangaji akiboresha shamba au akijenga nyumba ya maana, mwenye ardhi anaweza kupandisha kodi, na akimfukuza hamlipi chochote kwa alichojenga. Kaskazini, Ulster, kulikuwa na desturi iliyomlinda kidogo, kwingine hakuna, na bunge la London lilikuja kulishughulikia kwa sheria ya fidia mwaka 1870. Sasa niambie, nani ana akili ajenge nyumba ya kumpandishia kodi yake mwenyewe? Watu walikuwa wanapiga hesabu sawasawa kabisa, ila mpita njia anaona kibanda kibovu anaandika tabia mbovu.

Na hii si porojo ya vitabuni, iliua watu. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia kwenye viazi, na mpaka 1852 karibu watu milioni 1 walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni 1 wengine wameondoka. Nafaka na siagi zinaendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza! Charles Trevelyan, ofisa wa hazina aliyekuwa anasimamia misaada, aliandika kwamba balaa kubwa si njaa yenyewe, ni ubaya wa tabia ya watu wale. Sifa waliyobandikwa zaidi ya miaka 600 nyuma sasa inatumika kuamua nani apewe unga.

Kisha zikaja picha. Punch, gazeti la vichekesho la London, na mchora katuni Thomas Nast kule Marekani, wakawa wanamchora Muayalandi na taya la sokwe, chupa mkono mmoja na rungu mkono mwingine. Charles Kingsley, mchungaji na mwandishi, alipita Sligo 1860 akamwandikia mkewe kwamba ameona sokwe weupe, na kwamba wangekuwa weusi asingeumia sana. Soma hiyo mara mbili. Dharau iliyotupwa kwao na iliyotupwa kwetu zilitoka ghala moja. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, ndiye aliyeandika ile ripoti ya 1904 kuhusu mateso ya Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na baadaye akasema mwenyewe kwamba misitu ya Kongo ndiko alikojikuta kuwa Muayalandi, Waingereza wakamnyonga 1916 kwa kuunga mkono uasi wa Waayalandi.

Yale matangazo ya kazi ya Marekani ya "Waayalandi wasiombe" nayo yana kisa. Profesa mmoja aliandika 2002 kwamba karibu yote ni hadithi tu, wengi wakamwamini, mpaka 2015 msichana wa shule wa miaka 14 alipoingia kwenye magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni akayatoa moja baada ya jingine na jarida la wanahistoria likamchapishia. Binafsi nilifurahi mno.

Nywele nyekundu ni kama mtu 1 kati ya 10. Ni nyingi kulinganisha na dunia, lakini 9 waliobaki hawana.

Pombe ndo pagumu maana hapo pana ukweli. Mwaka 2001 unywaji ulifika karibu lita 14 za alkoholi halisi kwa mtu mzima kwa mwaka, ni nyingi mno, na kunywa sana kwa mkupuo bado ni tatizo, sitalificha. Lakini ni nchi hiyohiyo ambayo padri Theobald Mathew alianzisha kampeni Cork 1838 na mamilioni wakaapa kuacha pombe, na ambayo baa zilifungwa kila Ijumaa Kuu mpaka 2018. Sasa hivi wako karibu lita 10, zipo nchi kadhaa za Ulaya zinazowazidi na hakuna anayezichekea hivyo. Bunge lao lilipitisha sheria ya pombe 2018, na tangu Januari 2022 ni marufuku kuuza kinywaji chini ya senti 10 za yuro kwa kila gramu ya alkoholi.